Hema la Maji

Hapana, hakuzaliwa kiziwi, huo ni uzushi wa watu. Fundi alikuwa na masikio makali kuliko ya paka. Alikuwa akishuka kule chini kwenye chumba cha koki, anachukua chuma chake kirefu, ncha moja anaigusisha kwenye bomba, ncha nyingine anaitia sikioni, basi anajua maji ya mdomo wa saba wa chemchemi yamepanda kiasi gani huko juu, na yeye mwenyewe haoni hata jani. Kilichomla masikio ni jenereta. Chemchemi ilipokufa, wakubwa wa kasri walimwambia, bustanini huna kazi tena, nenda kaangalie jenereta. Akafungiwa chumba kimoja na lile dude miaka ishirini na tisa, linanguruma kama lina kesi naye, na hakupewa hata pamba ya kuziba masikio. Lingemwacha salama?

Lakini ya mkewe huwezi kuyaelewa bila kuijua hiyo chemchemi. Usidhani ni ya porini, inayobubujika yenyewe. Hii ilijengwa. Kuna mtawala wa zamani alitaka nyumba ya maji, na wakubwa wakitaka jambo, wadogo hulitafutia njia. Likachimbwa dimbwi la mviringo, likajengewa mawe, na kwenye ukingo wake ikawekwa midomo kumi na miwili ya shaba, kila mmoja umeinama kidogo kuelekea katikati. Maji yanashuka kwa mabomba kutoka tangi la kilimani, yanafika chumba cha chini ya ardhi penye koki kumi na mbili, kila mdomo na koki yake. Zikifunguliwa zikalingana, maji yote yanapanda, yanakutana juu, halafu yanafunguka pande zote kama hema. Hema kabisa! Mtu akiweka kiti mle ndani, halowi. Wanasema mtawala alikuwa anajificha humo mawaziri wake wakimchosha. Ila koki moja ikizidi kwa upana wa kidole tu, maji yanagongana, yanamrukia kila aliye karibu.

Na koki ziliwekwa chini makusudi. Mtawala hakupenda kumwona mtu akifanya kazi. Alitaka maji yaonekane yanapanda kwa mapenzi yao. Kwa hiyo babu yake Fundi alifanya kazi shimoni bila kuona maji, baba yake vilevile, na yeye pia. Walisikiliza tu. Kazi ikiisha ndipo mtunza chemchemi anapanda ngazi, anatazama hema lake kama wageni wengine.

Kisha mabomba yakaoza, maji yakakatika. Fundi akaenda kwenye jenereta, lakini kila asubuhi kabla ya zamu alipita bustanini kufagia majani ndani ya dimbwi kavu. Hakutumwa na mtu. Watu wakamcheka, "Fundi, unafagia kitanda cha marehemu?" Naye anajibu, "Marehemu hafi mara mbili, acheni nifagie."

*

Habari ya ukarabati ililetwa na Msimamizi wa kasri, yule waliyemwita Bwana Kalamu kwa sababu alikuwa na kalamu mfukoni, kalamu sikioni, na nyingine anaitafuta. Alimwita Fundi ofisini. Fundi akaenda na mkewe, akamkalisha upande wa kushoto, wa sikio lililobakiza kidogo, na watu walishazoea kumwona yule mama pale. Mkewe walimwita Mama Uzi. Hakukosa kikapu chenye uzi wa kufumia na kitambaa kilichofika nusu.

"Mabomba yote yanawekwa mapya," Msimamizi alisema. "Lakini koki ni zilezile za shaba, na midomo ni ileile. Hiyo ndiyo historia, haiguswi. Sasa nani anajua kuzipima?"

Fundi alikuwa anatazama mdomo wake unavyokwenda. Mama Uzi akainama kama anaokota sindano, akamwambia karibu kabisa na sikio, "Koki. Nani anajua."

"Mimi!" Fundi akaruka kwenye kiti. "Nani mwingine?"

Injinia wa ukarabati alikuwa msichana mwenye buti za matope, mpole, mwenye heshima. Akasema, "Mzee, tunaweza kurahisisha. Mmoja wetu akae juu na redio ya mkononi, na wewe uwe na yako chini. Tunakuambia panda, shuka. Dakika kumi tu kazi imekwisha."

Mama Uzi akayarudia yale maneno kwa Fundi, akijifanya anashangaa. "Redio ya mkononi, Mzee wangu! Wakuambie panda, shuka!"

Fundi akavimba. "Mwanangu, babu yangu hakuambiwa, baba yangu hakuambiwa. Fundi hasimuliwi maji yake. Anayasikia."

Wote mle ndani walidhani ni majivuno. Mama Uzi ndiye aliyejua ni hofu. Redio angeisikia kwa lipi, na uziwi wake kasrini ulikuwa siri?

Msimamizi akaandika, halafu akatoa neno lenyewe. Siku ya uzinduzi Fundi alinganishe hema mbele ya wageni. Likisimama, cheo cha mtunza chemchemi kinarudi, na nyumba waliyokaa nyuma ya ukuta wa bustani inabaki yake, kwa kuwa ni nyumba ya mtunza. Likishindwa, zitafungwa mashine zinazojiendesha.

"Na nyumba?" Mama Uzi akauliza.

"Pale ni karibu na lango, mama. Tumepanga vyoo vya wageni."

Alisema vizuri tu, bila ubaya, kama mtu anayekuonyesha pa kuweka kiti. Mama Uzi alikuwa amezaa katika nyumba hiyo. Neno hilo la vyoo hakumrudia mumewe.

*

Ujanja wa uzi aliubuni Mama Uzi mwenyewe. Juu ya chumba cha koki kulikuwa na tundu la hewa, dogo, linatokea nyuma ya benchi la bustani. Mama Uzi akikaa benchini na kikapu chake, nani atauliza uzi mmoja umeingia wapi? Ncha ya chini Fundi aliifunga kwenye kifundo cha mkono. Mvuto mmoja, fungua zaidi. Miwili, punguza. Mitatu, hapohapo, nenda koki inayofuata. Wakafanya majaribio wiki nzima, mdomo mmoja mmoja, asubuhi, na Injinia akabaki mdomo wazi.

"Mzee una masikio ya ajabu," akasema.

"Ni ya urithi," Fundi akajibu, kwa bahati tu, maana alidhani ameulizwa kuhusu kazi ya koki.

Wakirudi nyumbani anacheka mpaka anashika mlango. "Mama, umenizalia masikio uzeeni!" Alikuwa hajacheka hivyo tangu zama za maji. Akaanza kunyoa ndevu kila siku. Akaitoa kanzu ya kazi ya baba yake sandukuni, akaipima, ikambana tumbo, akasema tumbo litapungua lenyewe kwa furaha.

Sasa utamwambiaje mtu kama huyo?

Maana Mama Uzi naye alikuwa na lake. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Yalianza kama ukungu wa kioo cha bafuni, unaufuta haufutiki. Zahanati walimwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa, haina haja ya kulia, wakampa tarehe. Tarehe ikaangukia katikati ya majaribio. Akawaza, nikilala na bandeji, nani atamvutia uzi? Akaikunja karatasi, akaisukuma chini kabisa ya kikapu. Baada ya uzinduzi, akasema. Na kufuma hakukumtatiza, vidole vilijua njia. Asubuhi nyuma ya chemchemi kulikuwa na miti mizito yenye kivuli cheusi, na maji meupe mbele yake aliyaona vya kutosha. Kama mstari wa chaki ubaoni. Akajipa moyo.

Binti yao alikuwa mfuaji wa mashuka hotelini, ana mikono myekundu kwa sabuni na jicho la kuona doa mtu asiloliona. Jioni moja akauma jiwe kwenye maharage. Akalitoa, akaliweka pembeni ya sahani. Akauma la pili.

"Mama, haya maharage uliyachambua au uliyabariki tu?"

"Wafanyabiashara wa siku hizi wanauza kokoto. Mimi nifanyeje?"

"Mama, macho yako mazima?"

"Nakuona mpaka fitina iliyo moyoni."

Binti hakucheka. Fundi alikuwa anakula tu, anatabasamia ukuta, akili yake iko shimoni na koki zake.

*

Uzinduzi ulikuwa mchana, jua limesimama. Mama Uzi aliingia bustanini na kikapu, akafika benchini kwake, akakaa, akainua uso. Akaona weupe.

Akapepesa macho. Weupe uleule. Nyuma ya chemchemi, mbele ya ile miti yake myeusi, walikuwa wamesimamisha turubai jeupe la wageni wa heshima, limetanda upande wote kama shuka la hoteli. Maji meupe yatapanda mbele ya turubai jeupe.

Injinia alikuwa anapita. Mama Uzi akamshika mkono. "Mwanangu, hilo turubai, haliwezi kusogea kidogo upande wa kule?"

"Wageni wataungua na jua, Mama. Kwani linakuzibia?"

Hapo palikuwa na mlango wazi. Angesema tu, "Ndiyo, linanizibia, macho yangu ni mabovu." Na akisema hivyo, ataulizwa, macho yako yanahusiana nini na koki za mumeo?

"Hapana," akasema. "Naliona halijapendeza tu."

Msimamizi naye akaja anahema. "Mama, sogea na kikapu chako, hapa watu watapiga picha."

"Niache, baba. Mwanamke mzee akifuma, picha ndiyo inakuwa nzuri."

Akawaza kumwita binti yake akae naye. Binti alikuwa nyuma ya kamba, na watu wa kawaida, mbali. Angemwitaje bila kupiga kelele? Akawaza kumzuia Fundi. Tayari alikuwa ameshashuka. Akaushika uzi, akaupapasa. Mvuto mmoja fungua, miwili punguza, mitatu hapohapo. Wiki nzima walikuwa wamefurahia ujanja wao, wakasahau jambo moja: katika lugha ile ya uzi hapakuwa na mvuto wa kusema sioni.

Basi, akasema, nitasikiliza. Yeye masikio alikuwa nayo, na sauti ya hema aliijua tangu usichana: maji yakilingana, kelele kumi na mbili zinakuwa moja, laini, kama mtu anayesema shii kwa mtoto. Lakini hotuba ilipokwisha wakafungulia spika, muziki ukapigwa mpaka benchi likatetemeka.

Mdomo wa kwanza ukaruka. Yeye aliona kitu kinacheza, pengine maji, pengine upepo kwenye turubai. Akavuta mara moja. Akangoja kiasi alichozoea kungoja. Akavuta mara mbili, kwa kuwa majaribioni mdomo wa kwanza ulikuwa mkaidi. Akavuta mara tatu. Wa pili. Wa tatu. Akawa anavuta kwa kumbukumbu, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani, huku ananong'ona dua. Akafika wa kumi na mbili. Akavuta mitatu ya mwisho, akaushika uzi kwa mikono miwili.

Watu wakapiga kelele. Kwanza alidhani ni furaha, naye akacheka nao, machozi yakamtoka. Halafu muziki ukakatika ghafla, akasikia vizuri. Kilikuwa kicheko. Kile cha watu wanaoziba midomo kwa mkono na hakizibiki.

Maji yalikuwa yamekwenda kila upande, kila mdomo na shauri lake. Mdomo wa nne ulikuwa chini, unadondoka kwenye ukingo. Wa tisa umepanda kupita wote, umevuka dimbwi, unampiga mgeni rasmi kifuani, na mlinzi wake anahangaika kuufungua mwavuli uliokataa kufunguka. Karatasi za hotuba zilielea.

Na hapo Fundi akapanda ngazi kutoka shimoni, katika kanzu ya baba yake, uso umejaa nuru. Kicheko hakukisikia. Aliona vinywa wazi, mikono juu, akafikiri ni shangwe, akaweka mkono kifuani kuwashukuru. Ndipo akageuka kutazama hema lake.

Hakutazama wageni wala Msimamizi. Alimtafuta mkewe. Akamwona benchini, amefuta machozi, anajilazimisha kutabasamu ili ampe moyo mumewe. Ila yule mama alikuwa anaitabasamia nguzo ya turubai, hatua mbili kutoka alipokuwa Fundi. Fundi akasogea kushoto. Tabasamu likabaki kwenye nguzo.

Akaelewa.

"Mzee!" Msimamizi alikuwa anapayuka mgongoni kwake. "Mzee, kafunge koki! Wewe mzee, husikii?" Akampigia makofi nyuma ya kichwa, pa, pa, pa. Fundi hakugeuka. Watu wa mbele wakaanza kuonyeshana vidole. "Kiziwi!" mmoja akasema. "Jamani, walimweka kiziwi!" Kicheko kikaanza upya.

Msimamizi akamgeuza kwa bega. Fundi akaona midomo ikisema anachokijua, akajibu kwa ile sauti ya viziwi isiyo na kipimo, iliyofika mpaka nyuma ya kamba alipokuwa binti yake.

"SISIKII! MIAKA KUMI SASA! NILIWADANGANYA MIMI, PEKE YANGU!"

Injinia alikuwa ameshakimbilia chini kufunga koki. Alipopanda, alikuwa na ncha ya uzi mkononi. Akaufuata kwa macho mpaka kwenye tundu, kutoka tunduni mpaka kwenye kikapu. Akamtazama Mama Uzi. Akaukunja ule uzi taratibu, akaenda kuuweka kikapuni.

"Uzi wako ulianguka, Mama," akasema.

*

Nyumbani hakuna aliyekaa. Binti alikuwa ameacha chakula tayari tangu asubuhi, chakula cha sherehe, kimefunikwa. Fundi alisimama mlangoni, kanzu imelowa. Mama Uzi alisimama mezani, anapapasa ukingo wake. Msimamizi alikuwa ameshapita, hata hakuingia. Alisema kupitia dirishani kwamba mwisho wa mwezi wawe wametoka, na akaomba radhi, maana roho mbaya hakuwa nayo, alikuwa na kazi tu.

Mama Uzi akasema, "Mzee wangu, nina neno."

Fundi hakusikia.

"Nina neno!"

Akageuka. "Eti?"

Hapo ndipo mateso yenyewe. Kuna maneno ya kunong'onezana chini ya shuka, na yeye ilibidi ayapigie ukelele, na ukuta wao ulikuwa mmoja na wa mtunza maua, na wa pili ni wa wafagizi. Akavuta pumzi.

"MACHO YANGU HAYAONI!"

Upande wa pili wa ukuta sufuria ikaacha kukwaruzwa.

"TANGU LINI?" Fundi akauliza.

"TANGU MWAKA JANA! NILIKUFICHA!"

"KWA NINI?"

"UNGEKATAA KUSHUKA!"

Fundi akafikiri. Kisha akasema polepole, na mara hii sauti ikatoka ndogo, "Ningekataa, ndiyo."

Binti alikuwa amesimama katikati yao, anamtazama huyu, anamtazama yule. Kisha akalipuka. "Mficha uchi hazai! Kila siku mnaniimbia hiyo mficha uchi hazai, na ninyi je? Huyu hana masikio, huyu hana macho, na mimi mzima niko hapa! Ningekaa benchini! Ningevuta huo uzi! Nina macho mawili, Mama, ungeniomba moja!"

Mama Uzi akashika ukingo wa meza. "Nilitaka aone hema lake," akasema. "Miaka ishirini na tisa, mwanangu. Nilitaka aone hema lake."

"Anasemaje?" Fundi akauliza.

Binti akamsogelea, akamwambia sikioni. Fundi akatikisa kichwa muda mrefu. Kisha akaja, akamshika mkewe mkono, akamwongoza kwenye kiti, akiwa bado hajui kumwongoza kipofu, akamgonga goti kwenye mguu wa meza.

"Samahani."

"Si kitu. Nitazoea."

Binti akaanza kupakua, anafuta pua kwa bega. Fundi akajivutia kiti cha kwake, kile chenye mgongo kwa dirisha.

Ndipo Mama Uzi alipoinua kichwa. Kutoka bustanini, juu ya ukuta, sauti ya maji ilikuwa inapanda tena. Mdomo mmoja. Wa pili. Na kati yake sauti nyembamba ya Injinia redioni, panda, panda, shuka kidogo, hapo. Haikuchukua hata dakika kumi. Kelele za maji zikapungua moja moja, zikaingiana, zikawa moja, laini, shii, kama anayembembeleza mtoto. Kisha yakaja makofi ya wageni, mengi, marefu, ya watu waliosamehe.

Binti alisimama na upawa mkononi. Kutoka pale aliliona hema dirishani, juu ya ukuta, jeupe, mviringo, linang'aa kwenye jua. Akamtazama mama yake. Mama yake akatikisa kichwa, kidogo tu: hapana, asiambiwe.

"Mbona mmekuwa mawe?" Fundi akauliza. "Kuna mtu mlangoni?"

Binti akaenda dirishani, akalifunga taratibu, nyuma ya mgongo wa baba yake. Akarudi mezani.

"HAKUNA MTU, BABA!" akamwambia. "CHAKULA KINAPOA!"

Akakaa. Mama Uzi akanyoosha mkono, akaipapasa sahani ya mumewe, akaisukuma karibu naye, na wote watatu wakala.